Kutuliza Mtetemo katika Udhibiti wa Mtelezo

Udhibiti wa mtelezo huiongoza mashine kwa amri mbili tu: kusukuma kwa nguvu kamili upande huu, au kusukuma kwa nguvu kamili upande wa pili. Mhandisi huchora mstari ndani ya hesabu zake, mstari unaofungamanisha mahali mashine ilipo na kasi inayokwenda nayo. Kidhibiti hutazama mashine iko upande gani wa mstari huo, kisha hutoa amri ya kuirudisha. Mashine ikiuvuka mstari, amri inageuka. Ikiuvuka tena, inageuka tena. Katika hesabu safi mgeuko huo hutokea papo hapo, mara zisizo na idadi kwa sekunde, na mashine hubaki juu ya mstari ikiteleza hadi kwenye shabaha yake.

Mashine ya chuma na nyaya haiwezi kugeuka papo hapo. Kihisi huchelewa kidogo kupima, kompyuta huchelewa kidogo kukokotoa, mota au vali huchelewa kidogo kuitika. Katika muda huo mfupi mashine inakuwa imeshaupita mstari, na amri ya kuirudisha inapofika inaikuta mbali kuliko ilivyodhaniwa. Inarudishwa, inapitiliza upande wa pili, inarudishwa tena. Mwendo huo wa kwenda na kurudi, wa kasi na usiokoma, ndio mtetemo. Gia hugongana, beringi huchakaa kabla ya wakati, koili za mota hupata joto bila kufanya kazi yoyote ya maana, na mara nyingi mashine hutoa mlio unaosikika chumba kizima. Mtetemo ndio uliowafanya wahandisi wengi wa viwandani waiogope njia hii, ingawa sifa zake nyingine ni bora kuliko za njia nyingi zinazotumika kila siku.

Sifa hizo zinastahili kutajwa kabla ya dawa, kwa sababu kila dawa ya mtetemo huchukua sehemu fulani ya sifa hizo. Njia hii ilikulia Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, kwa kazi ya Stanislav Emelyanov na wenzake, akiwemo Vadim Utkin. Waligundua kwamba mifumo miwili ambayo kila mmoja peke yake hautulii, ikibadilishanwa kwa kanuni sahihi, inaweza kuzaa mwendo uliotulia ambao haumo katika mfumo wowote kati ya hiyo miwili. Mwaka 1960 mwanahisabati Aleksei Filippov alitoa msingi wa kuuelewa mwendo wa namna hiyo, pale ambapo milinganyo ya kawaida hukatika kwa sababu amri inaruka ghafla. Makala ya Utkin ya mwaka 1977, iliyochapishwa kwa Kiingereza, iliwafikia watafiti wengi nje ya Umoja wa Kisovieti, na tangu hapo somo hili likaenea duniani.

Kilichowavutia ni hiki. Mashine ikishafika kwenye mstari, mwendo wake hautegemei tena uzito wake, wala msuguano wake, wala upepo unaoisukuma. Unategemea mstari wenyewe tu. Robo ya uzito ikiongezwa, mwendo haubadiliki. Sharti ni moja: nguvu ya swichi, yaani ya ile amri inayogeuka, izidi usumbufu wote unaoweza kuingia kwa njia ile ile inayopitia amri. Vidhibiti vya kawaida hupunguza athari za usumbufu. Kidhibiti cha mtelezo huzifuta kabisa, na hufanya hivyo bila kuujua usumbufu huo ni upi, mradi ukubwa wake wa juu unajulikana.

Kigari kidogo cha kilo 1 kinachosukumwa na mota juu ya reli kinatosha kuonyesha mambo yote muhimu. Kosa ni umbali wa kigari kutoka shabaha, kwa mita. Mstari wa mtelezo unaweza kuwa huu: kasi ya kosa, ukijumlisha kosa lenyewe mara 10, iwe sifuri. Kigari kikiwa juu ya mstari huo, kila baada ya sehemu ya kumi ya sekunde kosa hupungua na kubaki takriban asilimia 37 ya lilivyokuwa. Msuguano na misukumo mingine ya nje haizidi nyutoni 2. Swichi inapewa nyutoni 5, ili karibu na shabaha iwe na ziada ya kutosha. Jumla ile ya kasi na kosa mara 10 huhesabiwa kila wakati: ikiwa chanya, mota inavuta nyuma kwa nyutoni 5, ikiwa hasi, inasukuma mbele kwa nyutoni 5.

Sasa uwekwe ucheleweshaji wa milisekunde 1 kati ya uamuzi na tendo, na kusiwe na usumbufu. Kigari kinavuka mstari, lakini amri ya zamani inaendelea kwa milisekunde 1 zaidi. Kisha amri mpya inafika, inatumia milisekunde 1 kukirudisha mstarini, na hapo hapo inaendelea kwa milisekunde 1 nyingine upande wa pili. Mzunguko mzima unachukua mara nne ya ucheleweshaji, yaani milisekunde 4, na mtetemo unakuwa wa mara 250 kwa sekunde. Kina chake, kikipimwa kwa ile jumla, ni nguvu ya swichi mara ucheleweshaji. Hesabu hii fupi ina siri kubwa ya somo zima. Marudio ya mtetemo huamuliwa na ucheleweshaji peke yake. Kina chake huamuliwa na ucheleweshaji pamoja na nguvu ya swichi. Mhandisi anayeongeza nguvu ya swichi maradufu ili awe salama zaidi anaongeza kina cha mtetemo maradufu, na hapati marudio ya haraka zaidi kama malipo.

Kwa kawaida ucheleweshaji mkubwa hauko kwenye kompyuta. Uko kwenye kiendeshi, yaani mota pamoja na saketi zake za umeme, au pampu pamoja na vali zake, vitu ambavyo nguvu yake haiji kwa mruko bali hupanda taratibu. Kiendeshi chenye hatua mbili za kuchelewa zinazofuatana, kila moja ya milisekunde 5, kikitumika kwenye kigari kile, mtetemo hutua kwenye marudio ya takriban 30 kwa sekunde, na kigari huyumba kwa karibu milimita 0.09 kila upande wa shabaha. Milimita 0.09 ni ndogo kiasi kwamba grafu ya mahali kigari kilipo inaonekana imenyooka. Lakini amri inayokwenda kwenye mota inaruka kutoka nyutoni 5 mbele hadi nyutoni 5 nyuma, mara 30 kila sekunde, usiku na mchana. Madhara yote yako kwenye amri, na grafu ya mwendo haiyaonyeshi. Kwa hiyo ripoti ya udhibiti wa mtelezo inayoonyesha njia ya mashine bila kuonyesha amri iliyoizalisha haijasema lolote kuhusu mtetemo, hata ikiwa na kurasa nyingi kiasi gani. Kupima mkondo wa umeme wa mota ndiyo hatua ya kwanza ya tiba.

Chanzo kingine ni kelele za kihisi. Karibu na mstari, kelele ndogo hugeuza ishara kutoka chanya kwenda hasi ingawa mashine haijavuka chochote, na amri hugeuka bure. Jambo hili huwa baya zaidi pale kasi inapopatikana kwa kugawanya tofauti ya vipimo viwili vya mahali kwa muda mfupi uliopita kati yake, kwa sababu kadiri muda huo unavyopungua ndivyo kelele inavyokuzwa. Na kila mashine ina miguu, mikono au shafti zinazonepa kidogo, zenye mitikisiko yake ya asili ambayo haikuandikwa kwenye milinganyo. Swichi inayoruka huiamsha mitikisiko hiyo.

Kutokana na hayo yote, dawa ya kwanza ni kupunguza nguvu ya swichi, na hupuuzwa mara nyingi kwa sababu haina jina zuri. Swichi ipo kwa ajili ya yale tu yasiyojulikana. Uzito unaojulikana, mvutano wa dunia kwenye mkono wa roboti, msuguano uliopimwa, vyote vinaweza kukokotolewa na kuwekwa kwenye amri moja kwa moja, bila kuruka. Wataalamu huiita sehemu hiyo udhibiti sawia: ni ile amri laini ambayo, kama kila kitu kingejulikana, ingetosha yenyewe kuishikilia mashine kwenye mstari. Swichi huongezwa juu yake kufunika pengo lililobaki. Kwenye kigari kile, kipimo cha msuguano kikipunguza usumbufu usiojulikana kutoka nyutoni 2 hadi nyutoni 0.6, swichi ya nyutoni 1.5 inatosha kwa uwiano ule ule wa ziada, na kuyumba kunashuka kutoka milimita 0.09 hadi karibu milimita 0.03. Marudio yanabaki yale yale, lakini nguvu ya mapigo imepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Kazi ya siku chache ya kuipima mashine inaweza kuleta nafuu kuliko algoriti yoyote, na mhandisi anayeanza na algoriti kabla ya vipimo ameanza mwisho.

Kikadiriaji cha usumbufu hufanya kazi hiyo wakati mashine ikiendelea kutembea. Ni programu inayolinganisha mwendo uliotarajiwa na mwendo uliotokea, kisha husema tofauti hiyo imesababishwa na nguvu kiasi gani, na nguvu hiyo huondolewa kwenye amri. Kuna pia swichi zinazojirekebisha: nguvu yake huongezeka mashine ikiwa mbali na mstari na hushuka ikiwa karibu nao. Toleo la mapema la wazo hili lilikuwa na kasoro. Nguvu iliweza kuongezeka tu, na kwa kuwa mashine halisi haikai juu ya mstari kikamilifu hata siku moja, iliendelea kuongezeka hadi mtetemo ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Matoleo mazuri huruhusu nguvu kushuka, na huweka ukanda mdogo kuzunguka mstari ambamo mashine huhesabiwa kuwa imefika.

Dawa inayotumika kuliko zote ni ukanda wa mpaka. Jean-Jacques Slotine na Shankar Sastry waliieleza mwaka 1983 katika makala kuhusu mikono ya roboti, na imeingia katika vitabu vingi vya somo hili. Badala ya amri kuruka ghafla kwenye mstari, unachorwa ukanda mwembamba pande zote mbili za mstari. Nje ya ukanda, amri ni ile ile, nguvu kamili mbele au nyuma. Ndani yake, amri hupungua kwa mteremko ulionyooka kutoka nguvu kamili upande mmoja, kupitia sifuri katikati, hadi nguvu kamili upande wa pili. Mruko umegeuzwa kuwa mteremko, na mteremko hauna sababu ya kutetema.

Malipo yake yanakokotoleka. Kigari kikipewa ukanda wa mita 0.05 kwa sekunde kila upande, kikiwa na swichi ya nyutoni 5 na msukumo wa kudumu wa nyutoni 2, kitatulia mahali ambapo mteremko unatoa nyutoni 2 hasa, yaani asilimia 40 ya njia kutoka katikati hadi ukingoni. Hapo ile jumla ni 0.02, na kosa linalobaki ni milimita 2. Kilichokuwa kuyumba kwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita sasa ni kosa la kudumu la milimita 2, lakini mota imetulia kimya. Kwa lango la bwawa au mkono wa kupaka rangi hiyo ni biashara nzuri. Kwa mashine ya kuchonga vipuri haikubaliki.

Ukanda ukifanywa mwembamba, kosa hupungua kwa kiwango kile kile, lakini kuna mwisho. Mteremko mkali ni sawa na kidhibiti cha kawaida chenye ukali mkubwa, na kiendeshi kinachochelewa hakivumilii ukali usio na kipimo. Kwa kiendeshi kile chenye hatua mbili za milisekunde 5, ukanda ukishuka chini ya takriban mita 0.014 kwa sekunde mtetemo hurudi, na kosa dogo kabisa linalopatikana kwa utulivu ni karibu milimita 0.55. Ukanda mwembamba zaidi ya hapo hauna faida, na mhandisi mwangalifu husimama mbali kidogo na mpaka huo, kwa sababu ucheleweshaji wa kiendeshi hubadilika kwa joto na kwa umri. Wapo wanaobadili mteremko ulionyooka kwa mkunjo laini, lakini karibu na katikati mkunjo nao ni mteremko, na hesabu inabaki ile ile. Wapo wanaoongeza kikusanyo cha kosa, kinachoongeza amri polepole kadiri kosa linavyodumu. Hicho hufuta kosa la kudumu, ila kisipopimwa vizuri kigari hupitiliza shabaha kabla ya kutulia.

Mwaka 1993 Weibing Gao na James Hung walipendekeza kupanga jinsi mashine inavyoukaribia mstari: ikiwa mbali iende haraka, ikiwa karibu ipunguze, na sehemu ya amri inayoruka ibaki ndogo kila wakati. Kanuni hizo za kukaribia ni rahisi kuandika katika programu na hutumika sana. Hazibadili tabia ya mtetemo kwenye mstari wenyewe, ila zinaruhusu mashine kufika kwa kasi bila kuhitaji swichi kubwa.

Mwaka huo huo wa 1993 Arie Levant alichapisha makala iliyofungua mlango wa mtelezo wa daraja la juu, akiendeleza kazi aliyoianza Moscow pamoja na Emelyanov na Sergei Korovin. Wazo lake ni kuuhamisha mruko. Swichi haiigusi mota moja kwa moja. Huingia kwenye kikusanyo, na kinachotoka kwenye kikusanyo ni mstari unaopanda na kushuka bila kukatika. Algoriti maarufu ya kundi hili, supatwisti, ina vipande viwili vinavyojumlishwa. Kimoja kinalingana na kipeuo cha pili cha umbali kutoka kwenye mstari. Cha pili ni kikusanyo kinachoongezeka au kupungua kwa kasi isiyobadilika, kulingana na upande mashine iliko. Kipeuo cha pili kina tabia muhimu: karibu na sifuri mteremko wake huwa mkali mno, kwa hiyo mashine hufika mstarini ndani ya muda wenye mwisho, wakati mteremko wa kawaida hukaribia bila kufika.

Sharti la supatwisti si ukubwa wa usumbufu bali kasi ya kubadilika kwake. Ikiwa msukumo wa nje kwenye kigari cha kilo 1 haubadiliki kwa zaidi ya nyutoni 4 kila sekunde, kanuni inayotumika sana huzidisha kipeuo cha pili cha 4 kwa 1.5 kupata kipimo cha kwanza, yaani 3, na huzidisha 4 kwa 1.1 kupata cha pili, yaani 4.4. Amri iliyokuwa ikiruka nyutoni 10 kwa mara moja sasa ina kikusanyo kisichobadilika kwa zaidi ya nyutoni 4.4 katika sekunde nzima. Tena usahihi unaongezeka. Katika mtelezo wa kawaida, muda kati ya vipimo ukipunguzwa nusu, umbali kutoka mstarini hupungua nusu. Katika supatwisti hupungua hadi robo. Ndiyo maana kanuni hii hii hutumika pia kupata kasi kutoka kwenye vipimo vya mahali, kazi ambayo Levant aliieleza mwaka 1998, na kidhibiti kikapata kasi iliyo safi zaidi.

Kudai kwamba supatwisti imeufuta mtetemo si kweli, na dai hilo limepita kwenye makala nyingi mno. Igor Boiko na Leonid Fridman walionyesha mwaka 2005, kwa uchambuzi wa marudio, kwamba kiendeshi kinachochelewa huizalishia supatwisti nayo mtetemo wake. Sababu ni ule ule mteremko mkali wa kipeuo cha pili karibu na sifuri: kidhibiti kina ukali mkubwa hapo, na kiendeshi hakiwezi kuufuata. Kiendeshi kikiwa chepesi, mtetemo huo huwa mdogo sana. Kadiri kinavyozidi kuwa kizito, faida hupungua, na kuna kiwango ambapo swichi ya kawaida hutetema kwa kina kidogo zaidi. Uamuzi wa kutumia algoriti hii unahitaji kujua kwanza kasi ya kuitika ya kiendeshi.

Njia nyingine haijapata umaarufu inaostahili. Mwaka 1985 watafiti wa Kisovieti, Utkin akiwemo, walipendekeza mtelezo ufanyike ndani ya kielelezo cha mashine kinachoendeshwa na kompyuta. Kielelezo hicho hupokea amri ile ile inayokwenda kwenye mota na hurekebishwa kidogo kidogo kwa vipimo vya kweli. Kidhibiti hutazama hali ya kielelezo, na swichi hugeuka kwa kufuata hali hiyo. Kwa kuwa kielelezo hakina kiendeshi kinachochelewa, mtelezo ndani yake huwa karibu na ule wa nadharia, wenye marudio ya juu sana. Mota hupokea mapigo ya haraka kiasi kwamba haiwezi kuyafuata, na huitikia wastani wake tu, wastani ambao ndio ile amri laini iliyohitajika. Mzunguko wa kuchelewa uliokuwa ukiuzaa mtetemo umekatwa. Udhaifu wake ni kwamba kielelezo lazima kifanane vya kutosha na mashine, la sivyo kilichotulia ni kielelezo, na mashine inakwenda njia nyingine.

Kompyuta yenyewe huongeza mtetemo ambao mashine haikuwa nao. Kidhibiti kinachopima kila baada ya milisekunde 1 hushikilia amri moja kwa milisekunde nzima, na hata bila ucheleweshaji mwingine wowote, mashine itaruka upande huu na ule wa mstari kila baada ya vipimo viwili. Vincent Acary na Bernard Brogliato walionyesha mwaka 2010 kwamba sehemu kubwa ya mtetemo huo hutokana na namna milinganyo inavyoandikwa kwenye programu. Programu ya kawaida huuliza mashine ilikuwa upande gani mwanzoni mwa hatua. Programu yao huuliza ni amri ipi, kati ya nguvu kamili nyuma na nguvu kamili mbele, itakayoiweka mashine juu ya mstari mwishoni mwa hatua. Amri hiyo ikipatikana ndani ya mipaka, hutolewa hiyo hiyo. Isipopatikana, hutolewa nguvu kamili. Hesabu ya ziada ni ndogo, na mtetemo unaotokana na kompyuta hutoweka.

Katika elektroniki za umeme mkubwa swichi haiwezi kuondolewa. Transista za inveta inayoendesha mota, au za kibadilishi cha voltaji kwenye mtambo wa jua, zimejengwa kuwa wazi au kufungwa. Zikiachwa katikati huungua. Hapo mtelezo uko nyumbani kwake, na kinachotafutwa ni kuyaweka marudio mahali pazuri. Nyenzo ya kwanza ni nafasi ya uvumilivu: swichi haigeuki kwenye mstari bali baada ya kupita umbali fulani, kama jokofu linavyowasha kompresa kwenye nyuzi fulani za joto na kuizima kwenye nyuzi nyingine. Umbali huo ukiwa mpana, swichi hugeuka mara chache na mkondo huyumba zaidi. Ukiwa mwembamba, mkondo hunyooka na transista hupoteza nishati zaidi kwa joto. Isao Takahashi na Toshihiko Noguchi wa Japani walitumia nafasi za namna hiyo katika udhibiti wa moja kwa moja wa torki walioueleza mwaka 1986, njia ambayo baadaye iliingia kwenye viendeshi vya mota vinavyouzwa madukani.

Kasoro ya nafasi isiyobadilika ni kwamba marudio hupanda na kushuka kadiri mzigo unavyobadilika, na vichujio vilivyopimwa kwa marudio fulani havifanyi kazi kwa mengine. Kwa hiyo upana wa nafasi hurekebishwa kazi ikiendelea, ili marudio yabaki yale yale. Pale mkondo mkubwa unapogawanywa kwenye saketi kadhaa zinazofanya kazi sambamba, Utkin na Hoon Lee walionyesha njia safi zaidi: kila saketi iteleze kivyake, lakini zipishane kwa wakati, kila moja ikichelewa nyuma ya mwenzake kwa sehemu sawa ya mzunguko. Saketi nne zikipishana kwa robo ya mzunguko, mkondo wa moja unapopanda wa nyingine unashuka, na kwenye jumla yake mtetemo wa msingi hufutika. Kinachobaki ni mitetemo ambayo marudio yake ni mara nne, mara nane na kuendelea ya yale ya msingi, midogo zaidi na rahisi zaidi kuichuja.